Mgeni wa Jirani: Kuishi na Kufanya Kazi Arusha

Watu wa Arusha wanapozungumza habari za wageni wanaofanya kazi mjini mwao, aghalabu huwa wanamkusudia Mzungu: mtafiti wa wanyamapori, mwenye kampuni ya utalii, daktari wa kujitolea, au ofisa wa mahakama ya kimataifa anayeishi katika nyumba yenye bustani kubwa huko Ilboru au Njiro. Mara chache hukumbukwa wageni wasiojulikana kwa sura wala kwa lugha, kama vile Mganda anayefundisha hisabati katika shule ya binafsi, Mkongo mwenye mkataba wa ukalimani, Mrundi aliyeletwa na shirika lake, au Mkenya kama mimi. Nimekuwa mmoja wa wageni hao tangu mwaka 2019, nami naamini kwamba ugeni wa jirani una ugumu wake wa pekee unaostahili kuandikwa kwa uzito. Mgeni aliyetoka mbali huelekezwa kila kitu, kwa kuwa kila amwonaye anatambua kwamba hajui. Mgeni wa jirani hudhaniwa kuwa anajua, na yeye mwenyewe hujidhania hivyo, kwa hiyo hakuna anayemfundisha mpaka atake mwenyewe kufundishwa.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Kazi yangu ni kusimamia kituo cha kufungashia mboga na matunda yanayouzwa nje, yaani kuhakikisha kwamba maharage machanga na parachichi yanatoka shambani, yanapoozwa haraka, yanakaguliwa, yanapakiwa, na kufika uwanja wa ndege au bandarini yakiwa katika ubaridi uleule yaliotoka nao. Ukanda huu wa chini ya Mlima Meru, kuanzia Tengeru hadi Usa River, una udongo wa volkano na mito inayoteremka kutoka mlimani, na ndiyo sababu mashamba ya maua, mboga na mbegu yamejaa pande hizi. Lakini sehemu kubwa ya mazao hayo imekuwa ikipitia Kenya kwa miaka mingi: yaendayo kwa ndege hupelekwa kwa lori hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, na yaendayo kwa meli hushuka hadi bandari ya Mombasa. Mwajiri wangu alihitaji mtu anayeijua bandari hiyo na taratibu za forodha za pande zote mbili, nami nilihitaji kazi. Nikamwacha mume wangu Mombasa, nikamchukua binti yetu Zuhura, tukapanda bara kwa njia ya Voi, Mwatate na Taveta, tukavuka mpaka Holili na kupita Moshi. Ni njia ya zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Waingereza lilijenga reli kutoka Voi ikaja kuungana na ile ya Tanga hapo Kahe, na tangu hapo watu wa pwani ya Kenya na watu wa Kilimanjaro wamekuwa na sababu ya kutembeleana.

Kwa idadi ya watu Arusha si mji mkubwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu laki sita na ushei katika jiji lote, takriban nusu ya watu wa Mombasa. Hata hivyo, mambo yaliyoamuliwa hapa yanaupita mbali ukubwa wa mji wenyewe. Azimio la Arusha lilipitishwa hapa Januari 1967. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994, ilisikiliza kesi zake hapa mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Mkataba wa amani ya Burundi ulitiwa saini hapa tarehe 28 Agosti 2000, baada ya usuluhishi ulioanzwa na Mwalimu Nyerere na kumaliziwa na Nelson Mandela. Na mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa hapa tarehe 30 Novemba 1999. Majengo ya kituo cha mikutano cha AICC, yale yanayoitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yalikusudiwa yawe makao ya Jumuiya ya kwanza, ile iliyovunjika mwaka 1977 kabla haijayakalia vya kutosha. Ilipovunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa na haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Wapo wazee mtaani kwetu wanaozungumzia miaka ile kana kwamba ilikuwa juzi, kwa kuwa baadhi yao walikuwa na ndugu ng'ambo ya pili ambao hawakuweza kuwazika. Mkenya anayekuja kukaa Arusha anapaswa kuijua historia hiyo kabla hajalalamika kuhusu foleni ya Uhamiaji.

Maana foleni ya Uhamiaji ipo. Nyumbani Mombasa wengi huniuliza kwa nini nahitaji kibali ilhali sisi ni Jumuiya moja. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, humruhusu raia wa Afrika Mashariki kuingia na kukaa hadi miezi sita bila viza, lakini uhuru wa kufanya kazi umewekewa orodha ya taaluma ambazo kila nchi ilikubali kuzifungua, na kazi isiyokuwamo katika orodha hiyo hufuata sheria za kawaida za nchi. Kwa Tanzania, sheria inayosimamia ajira za wageni ni ya mwaka 2015. Mwajiri huomba kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, akieleza kwa nini nafasi hiyo haikupata Mtanzania wa kuijaza, na huonyesha mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayeirithi. Kibali cha ukaazi ni jambo la Uhamiaji, nacho huombwa pembeni ya hicho. Kibali cha kazi hudumu miezi 24, huweza kuhuishwa, na kuhuishwa kwenyewe kuna ukomo.

Muda huo wa miezi 24 huingia katika maisha ya mtu kwa namna ambayo sheria haikuikusudia. Nimewaona Wakenya wenzangu wanaolala juu ya godoro lililotandikwa sakafuni mwaka mzima kwa sababu hawaoni haja ya kununua kitanda, ambao kila Ijumaa jioni hupanda basi la Nairobi kwa njia ya Namanga na kurudi Jumapili usiku, na ambao hawajui jina la mtu anayeishi nyuma ya ukuta wao. Huko Nairobi wanapoulizwa habari za Arusha husema ni mji wa upweke, wa baridi, na wa watu wasiofunguka. Siwezi kukubaliana nao. Wameandikishwa Uhamiaji lakini hawajaandikishwa mtaani, na katika mji wa ukubwa huu uandikishaji wa pili ndio unaoamua kama mtu anaishi au anasubiri tu muda wake uishe.

Nyumba ya kupanga hupatikana kupitia dalali, naye hutaka malipo yake ya kodi ya mwezi mmoja, wakati mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hilo humshtua Mkenya aliyezoea kulipa mwezi kwa mwezi, na ni vizuri ajiandae nalo mapema. Kulikuwa pia na desturi ya kuwatajia wageni kodi kwa dola. Nilitajiwa dola katika nyumba tatu tofauti huko Njiro kabla sijapata chumba, sebule na jiko huko Moshono kwa shilingi, kwa mama mmoja aliyeona ajabu kwamba kuna mtu anayeweza kuulizwa dola kwa nyumba iliyojengwa kwa matofali ya Arusha. Machi 2025 serikali ilitoa kanuni zinazokataza bei na malipo ya ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni. Nilifurahi kwa dhati, kwani bei ya dola ilikuwa inawatenga wageni na kuwaweka katika mitaa yao wenyewe, mahali ambapo jirani wa mgeni ni mgeni mwingine.

Wiki ya kwanza tulipohamia Moshono, mwenye nyumba alinipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, benchi, na daftari kubwa la jalada gumu lililopigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Mwenyekiti, mzee wa makamo aliyevaa koti zito ijapokuwa jua lilikuwa limeshachomoza, alisoma pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa bila haraka, akasoma na kibali, kisha akaandika jina langu, jina la mtoto, namba ya nyumba na jina la mwajiri. Alipofika kwenye safu ya mtu wa karibu alisimamisha kalamu.

"Ukipatwa na jambo usiku, tumwite nani?"

Nikamtajia mume wangu na namba yake ya Kenya.

"Huyo yuko Mombasa, mama. Nakuuliza hapa."

Sikuwa na mtu hapa. Mwenye nyumba wangu akasema, "Niandike mimi." Jina lake likaandikwa mbele ya langu, na kuanzia siku ile sijawahi kuwa mtu asiye na mtu katika jiji la Arusha. Barua ya utambulisho iliyotoka katika ofisi ile ndiyo iliyonifungulia mambo mengine, ikiwemo akaunti ya benki. Lakini faida yake kubwa ilikuwa kwamba sasa nilikuwa ninajulikana, na anayejulikana huambiwa mambo.

Jambo la kwanza kuambiwa lilihusu maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina madini ya floraidi ambayo huyeyuka na kuingia katika chemchemi na visima vingi vya ukanda huu, mara nyingi kwa kiwango kinachozidi sana miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Jirani yangu Mama Neema, ambaye ni Mmeru, alikuja jioni moja akanikuta nikichemsha maji ya kisima cha uani ili Zuhura anywe. Alitabasamu ili nione meno yake ya mbele yenye mabaka ya kahawia, akaniambia, "Haya siyo ya uchafu. Ni ya maji. Mwanao bado hajaota meno ya ukubwani, usimpe maji haya." Kumbe kuchemsha hakuondoi floraidi hata kidogo, maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi inayobaki huzidi kukolea. Meno huathirika wakati yangali yanajengeka ndani ya fizi, yaani utotoni, ndiyo maana mtu mzima aliyehamia hapa haoni mabadiliko mdomoni mwake na anaweza kumlea mtoto kwa maji hayo miaka mingi bila kujua. Kiasi kikubwa zaidi hudhuru hata mifupa, na watoto wenye miguu iliyopinda kwa sababu hiyo wapo katika vijiji vya mlimani. Aliniambia pia nisiweke magadi katika maharage, kwa kuwa magadi ya Ziwa Natron nayo yamejaa floraidi. Njia zinazosaidia ni maji ya mvua, maji ya chanzo kilichopimwa, au chujio la mkaa wa mifupa. Mwajiri wangu alikuwa amenipa kijitabu kizima cha maelekezo ya kuishi Arusha, kina habari za hoteli, mbuga na migahawa, na hakikuwa na mstari hata mmoja juu ya floraidi. Kila mzazi anayehamia hapa na mtoto mdogo nampa habari hii kabla ya nyingine yoyote.

Baridi ni jambo dogo. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti ukungu hukaa hadi saa nne za asubuhi. Mtu wa pwani hununua sweta mbili mtumbani akaendelea na maisha.

Msiba ndio ulioniingiza mtaani kikamilifu. Mume wa jirani wa nyumba ya tatu alifariki, na kama ilivyo desturi ya Wameru alipaswa kuzikwa kwao, huko Nkoaranga mlimani. Kwa siku zile zilizotangulia mazishi, uwanja wa nyumba ulijaa viti na maturubai, wanaume wakakaa na daftari la rambirambi ambamo kila jina liliandikwa na kiasi kilichotolewa, na wanawake wakakaa nyuma ya nyumba na mikungu ya ndizi mbichi. Nilifika nikiwa nimevaa kanga na kushika bahasha, kama ninavyofanya Mombasa. Mama mmoja aliipokea bahasha yangu, akaipeleka kwenye daftari, kisha akarudi na kunikabidhi kisu. Sikuambiwa neno. Ndizi za kupikia za huku hazimenywi kama ndizi mbivu. Ganda huchanwa kwa urefu kwa ncha ya kisu, kidole gumba huingizwa chini yake, na ganda huvutwa pembeni kwa mkupuo mmoja ili nyama ya ndizi isikatike. Utomvu unaotoka ni mweupe mikononi, na baada ya muda mfupi hugeuka mweusi usiotoka kwa sabuni, ndiyo maana wenye uzoefu hujipaka mafuta ya kupikia viganjani kabla ya kuanza. Mama aliyekuwa kushoto kwangu alinisukumia kikopo cha mafuta kwa kiwiko bila kusimamisha mazungumzo yake. Tulimenya mpaka alasiri, na katika saa zile nilijifunza ni nani ana mgonjwa, nani anadaiwa, fundi gani wa umeme ni mwaminifu, mtoto wa nani amefaulu kwenda Ilboru sekondari, na kwa nini familia mbili za upande wa bondeni hazisalimiani. Chakula kilipoiva nikaambiwa nile bila wasiwasi, kwa kuwa ng'ombe alichinjwa na Mwislamu aliyeitwa makusudi. Nyumba ile ilikuwa ya Walutheri watupu. Walikuwa wamefiwa, na bado walikumbuka kwamba miongoni mwa waombolezaji watakuwepo watu wasiokula kisichochinjwa kwa taratibu zao.

Kuanzia hapo niliitwa Mama Zuhura na kila mtu. Kadi za michango ya harusi zikaanza kunifikia, jambo ambalo wageni wengi hulinung'unikia, wakiliona kama kutozwa. Kwa upande wangu, naiona kadi ya mchango kuwa ni heshima kubwa. Hakuna anayempelekea kadi mtu anayedhani ataondoka kesho. Kikoba cha wanawake wa mtaa, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kikanikubali baada ya Mama Neema kunidhamini, na hisa ninazoweka huko kila wiki zimenifundisha uchumi wa Arusha kuliko gazeti lolote: kuku wa nani wanakufa, biashara ya nani sokoni Tengeru inapanda, na ada za shule zinamlemea nani mwezi Januari.

Yapo mambo ambayo hata mtaa hauwezi kuyalainisha. Mei 2020, wakati wa janga la korona, Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria, ikaruhusu mizigo tu, na kila dereva akatakiwa kupimwa. Malori yalisimama Namanga kwa foleni ndefu. Maharage machanga hayajui diplomasia; yakikaa siku mbili zaidi ndani ya lori ambalo mtambo wake wa baridi unahangaika na jua la Namanga, ncha zake hunywea na kuwa na madoa ya kutu, na mnunuzi wa Ulaya huyakataa yote. Tulipoteza shehena, na wakulima wadogo waliotuuzia wakataka kujua watalipwa na nani. Mimi nilikuwa Mkenya pekee katika kituo chetu. Asubuhi moja mzee mmoja mwenye shamba huko Nduruma, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia mbele ya wafanyakazi wote, "Nchi yako inatuozesha, mama." Hakukuwa na ubaya katika sauti yake, alikuwa na uchungu tu, na alikuwa na haki ya kuwa nao. Wakati huohuo mimi nami sikuweza kumwona mume wangu, kwa sababu mpaka uliomzuilia yeye maharage yake ulinizuilia mimi nyumba yangu. Nilimwambia hivyo. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama Zuhura anaongea na baba yake kwa simu.

Mgeni wa jirani hubeba serikali yake mgongoni kwa namna ambayo Mholanzi au Mmarekani haibebi. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, niliulizwa mimi. Julai 2025 Tanzania ilipotoa amri ya kuwakataza wageni kufanya biashara 15, zikiwemo uwakala wa kutuma fedha kwa simu, saluni, utengenezaji wa simu, uongozaji watalii na ununuzi wa mazao shambani, ndugu zangu wa Mombasa walinipigia wakiniuliza kama nafukuzwa. Amri hiyo ina adhabu nzito: faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo cha hadi miezi sita, na kufutiwa viza na kibali. Hainihusu mimi moja kwa moja, kwa kuwa mimi ni mwajiriwa. Lakini inawahusu watu ninaowajua, miongoni mwao msusi mmoja kutoka Kajiado ambaye wateja wake wote walikuwa wanawake wa Arusha.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na maoni yangu ni haya. Ninaelewa uchungu wa kijana wa Kitanzania anayemwona mgeni mwenye mtaji mkubwa akifungua kibanda cha miamala mbele ya kibanda chake, au akienda moja kwa moja shambani kununua mazao kwa bei anayoitaka yeye. Nimekaa na wakulima na najua jinsi mnunuzi mwenye fedha taslimu anavyoweza kumbana mtu mwenye ada ya kulipa wiki hiyo. Hata hivyo, amri inayomweka mwekezaji mwenye mamilioni na msusi wa Kajiado katika kapu moja haijapima tofauti iliyopo kati yao, na mji ambao ndani yake kuna makao makuu ya Jumuiya unastahili sheria inayomtofautisha jirani na mgeni wa mbali kwa maandishi, kama ambavyo mtaa unamtofautisha kwa vitendo. Kenya nayo haina haki ya kunyanyua kidole kabla haijaangalia jinsi askari wake wanavyowasumbua wachuuzi wa Kitanzania katika masoko yake. Hayo niliyaona Mombasa tangu utotoni.

Kuna sehemu moja ya sheria ya vibali ambayo naiunga mkono kwa moyo wote, nayo ni lile sharti la kumwandaa mrithi. Wageni wengi hulichukulia kama karatasi ya kujaza. Huandika jina la mfanyakazi yeyote wa Kitanzania, na jina hilo hubaki ndani ya faili mpaka siku ya kuhuisha kibali. Mimi nilipewa binti aliyehitimu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mzaliwa wa Karatu, mwenye akili ya hesabu kunizidi mimi na aibu nyingi ya kuzungumza na wenye mali. Kumfundisha joto na ubaridi hakukuwa kazi. Parachichi aina ya Hass husafirishwa kwa nyuzijoto tano au sita hivi, na yakishuka chini sana hupata weusi, ngozi kwa nyama. Mambo hayo aliyashika upesi. Kazi ilikuwa kumfundisha kusema hapana. Anapokuja mkulima mwenye umri wa baba yake na kreti zenye matunda machanga ambayo hayajafikisha mafuta yanayotakiwa, na akamwamkia "mwanangu" kwa upole, ni lazima ampe shikamoo yake kikamilifu, amkaribishe akae, amkate tunda moja mbele yake, amwonyeshe, na kisha amrudishie kreti zake zote. Mara ya kwanza alizipokea, akaja kwangu akilia. Hivi sasa huzirudisha, na wakulima haohao humletea mialiko ya ubatizo wa wajukuu wao.

Ameshakuwa na uzoefu wa kutosha kuishika nafasi yangu, na nimemwandikia mwajiri hivyo kwa maandishi, nikijua kwamba barua ile inapunguza sababu ya kibali changu kuhuishwa tena. Zuhura anasoma darasa la tano, anaongea Kiswahili cha Arusha kilichochanganyika na maneno ya Kimeru ya kina Neema, na meno yake ni meupe. Tukiondoka, tutaondoka tukiwa na watu wa kuwazika na wa kutuzika pande mbili za mpaka.

Kabla ya hapo kuna kazi moja iliyobaki. Msimu ujao wa parachichi, binti yule ataandamana na makaratasi ya makontena yetu hadi Mombasa, akae huko wiki kadhaa na kuiona bandari kwa macho yake, kuanzia lango la malori hadi kwenye ofisi za mawakala wa forodha. Ameshapata pasipoti. Ameniuliza kama watu wa Mombasa ni wakali, na kama atapata ndizi za kupika. Atafikia kwa mama yangu Kisauni, ambaye nimeshampigia simu na kumwomba kwamba siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kumwonyesha bahari, ampeleke kwa mzee wa mtaa akamtambulishe, na mahali pa kuandika mtu wa karibu aandikwe yeye mama.